Chipu Kumi na Nane Kwenye Sinia la Shangazi

Watu wa Makumira wakianza kukumbushia jambo hili najifanya simu inaita, lakini ninyi ni wenzangu, acha niaibike kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mnajua nina diploma ya elektroniki, nimeishi Afrika Kusini miaka tisa, na nyumba ya Kijenge nimeijenga kwa mikono hii (na mafundi wawili), kwa hiyo shangazi Elinami aliponiomba nimwangalizie kompyuta ya marehemu mumewe, ile ya zamani nzito kama ndama, nilimjibu, "Hiyo naimaliza kabla chai haijapoa." Ndani yake kulikuwa na wimbo wa mwisho alioutunga marehemu, haujawahi kuimbwa, nakala nyingine hakuna, na shangazi alitaka uimbwe Jumapili ya kumkumbuka. Ningeenda kimya kimya. Mimi nikamwambia aite kwaya nzima aliyokuwa akiitungia marehemu, inione.

Nikaiwasha, ikalia pii, pii, pii, skrini nyeusi. Nikawaeleza wanakwaya kwamba mashine ile ina chipu tisa za kumbukumbu, moja ikifa inagoma kuwaka. Unatakiwa ubadilishe moja, uwashe, usikilize, ndipo uende nyingine. Lakini watu kumi na wanne wanakutazama, utabadilisha moja moja kama mwanafunzi? Nikang'oa zote tisa, nikaziweka kwenye sinia kando ya tisa mpya nilizokuja nazo, bila alama (mwenye diploma aweke alama ya nini?). Chai ikaja, mtu akasogeza sinia apate pa kuweka vikombe, zikachanganyika zote kumi na nane.

Ningesema. Sikusema. Nikaokota tisa zilizokuwa karibu, nikachomeka harakaharaka, moja nikaigeuza kichwa chini, nikawasha.

Moshi.

Mwalimu wa kwaya akarukia waya akauchomoa. "Fundi," akasema mzee mmoja wa besi, "huko ulikokuwa mlikuwa mnatengeneza au mnachoma?" Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Shangazi hakucheka. Alikuwa anakunja kitambaa cha kufunikia kompyuta, anakikunjua, anakikunja tena. "Wimbo umeungua, baba?"

Nikaiacha diploma, nikachuchumaa mbele yake. "Hapana shangazi, wimbo unakaa sehemu nyingine, haujaguswa. Iliyoungua ni chipu moja. Ila nimechanganya nzima na mbovu, sijui ipi ni ipi."

Akavuta kigoda, akavaa miwani. "Si ungesema! Kahawa yote ya shamba hili nani anaichambua? Lete sinia."

Basi yeye ananipa moja, mimi natoa moja, nikianza na iliyoungua, na kuchomeka yake, tunawasha, tunasikiliza, pii, tunazima, tunaitenga iliyotoka. Wanakwaya wakasogea, shingo mbele, kama wanaosubiri kupewa sauti. Tulipofika ya sita, mashine haikulia.

Nikaufungua wimbo, maneno na noti zake za kijani zikajaa kwenye skrini. Shangazi akasogea, akasoma taratibu, akacheka huku anajifuta macho kwa kanga. "Tazama, herufi amekosea. Hakuwahi kunisikiliza, huyu." Na mama mmoja wa soprano akaanza kuutafuta wimbo kwa sauti ya chini.

Siku hizi nikiharibu kitu nasema papo hapo, hata mbele ya umati. Maana zile dakika nilizokaa kimya kulinda jina langu, shangazi alikuwa anamzika mumewe mara ya pili.