Simu ya Mama Asubuhi ya Idi

Mimi si mtu wa kubabaishwa na mtandao. Nimefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni muda wa kutosha kujua kwamba siku ya Idi, watu wakimaliza tu kuswali, kila mwenye simu huishika, na kwa saa nzima hakuna anayempata mwenzake. Dawa yake ni kuwahi. Wenzangu hukumbatiana kwanza. Mimi hupiga kwanza, nikakumbatia baadaye.

Lakini kumpigia Mama, aliye Mambrui, kabla ya swala haiwezekani. Nilijaribu mara moja, akaikataa salamu yangu. "Idi haijaswaliwa, mwanangu. Hiyo ni simu tu." Na Idi kubwa, ile ya kuchinja, ana sharti lake: hali kitu mpaka wanawe wote wampe shikamoo kwa sauti zao, mkubwa kwanza, mdogo mwisho. Ujumbe wa maandishi hauhesabiwi. Wala yeye hampigii mtoto siku hiyo. Heshima, asema, haiombwi.

Mdogo ni mimi.

Sharti hilo halikuwa na neno mpaka alipopata ugonjwa wa sukari. Siku hizi dada yangu, anayeishi naye, humdunga sindano asubuhi, na akishadungwa ni lazima ale. Asipokula hutetemeka na kutokwa na jasho, na safari moja alianguka jikoni.

Idi kubwa moja nilikuwa zamu, kwa hivyo niliswali papo hapo kazini. Hotuba ilipokwisha, simu ilikuwa mkononi tayari. Nikajiambia, kaka yetu mkubwa wa Malindi ndiye wa kwanza kwa Mama, acha nimpishe. Nikampigia rafiki yangu wa Magarini, tukacheka weee. Nikampigia na shemeji. Zote zilishika mara moja, nikajiona bingwa. Ndipo nikampigia Mama.

Kimya. Kisha milio mitatu mifupi, simu ikakatika yenyewe.

Nikarudia, nikarudia tena. Vijiti vya mtandao vimejaa vyote, na simu haiendi. Nikapanda juu ya rundo la chumvi na viatu vyangu vya Idi, nikawakuta watu wanne wameshanitangulia, kila mmoja na simu sikioni.

"Shuka bwana, huku juu pia kumejaa," mmoja akaniambia.

Nikampigia dada, naye hapatikani. Hapo nikaingiwa na hofu, nalisema bila haya. Nilimwona Mama moyoni mwangu, amekaa mbele ya mahamri yaliyofunikwa, sindano imo mwilini, mikono yatetemeka, na anayengojwa ni mimi. Nikamwomba msimamizi ruhusa huku nimeshampa mgongo, nikarukia bodaboda ya kwanza niliyoiona.

Nilimkuta ukumbini. Sahani ya mbaazi ilikuwa imebaki nusu. Nikamtazama mikono kabla ya uso, ilikuwa imetulia.

"Shikamoo, Mama. Idi mubarak."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wahema hivyo?"

"Umekula?"

"Nimekula."

Dada alikuwa hajaacha kushangaa. "Kaka mkubwa alipokata simu tu, Mama akaanza kutetemeka," akaniambia. "Nikamsihi ale, akakataa kata kata. Halafu akaniambia nikupigie wewe. Yeye, akupigie wewe!"

"Tukapiga," Mama akadakia, "yule bibi wa kwenye simu akasema laini yako yatumika. Basi nikajua wanipigia mimi, ndiyo sababu hatupatani. Nikasema salamu ya mwanangu imeshafika, nikanawa, nikala." Akanisogezea sahani. "Idi ndiyo kwanza yaswaliwa. Ungekuwa waongea na nani mwingine?"

Nikamkumbuka rafiki yangu wa Magarini na vile vicheko vyetu. Nilinawa mikono, nikakaa ubavuni mwake, nikala mbaazi zake zilizobaki.

Tangu hapo, kaka akishamaliza zamu yake, inayofuata ni yangu, na kabla ya hapo simu yangu haigusi nambari nyingine yoyote. Rafiki yangu wa Magarini hupata salamu zake alasiri. Hunung'unika, lakini sababu sijamwambia.