Fundi saa, mchimba visima, na jina nililoliandika nyuma ya daftari

Wakuu, heshima kwenu. Kwa walionizidi umri, shikamooni.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na daftari nitakalolitaja liko mezani hapa ninapoandika.

Wiki iliyopita humu palikuwa na uzi kuhusu wahusika wapweke wa riwaya za zamani, wale wanaoishi katikati ya watu bila kuwa na mahali pao. Wachangiaji wengi walihitimisha kuwa watu hao wana kiburi, wamejitenga wenyewe. Nilikasirika. Niliandika jibu refu la kuwasahihisha, kisha nikalifuta, kwa sababu miezi michache iliyopita hoja hiyo hiyo niliitetea mimi.

Nianze kwa utaratibu.

Mimi ni mstaafu, niliyekuwa mtendaji wa kata. Nilizaliwa Biharamulo mjini, si mbali na boma. Nikapangiwa kazi Nyakisasa, wilayani Ngara, na nilipostaafu nikabaki huko huko. Nina migomba na kahawa kidogo. Pia ni katibu wa chama chetu cha kuzikana tangu kianzishwe, na daftari la wanachama nililifungua mimi, kwa mwandiko wangu.

Tulikuwa wazee watatu tunaosoma. Mwalimu Sospeter, mstaafu, ndiye aliyekuwa na vitabu. Mzee Damiani ni mkulima, wazazi wake walitoka Burundi kabla yeye hajazaliwa. Wa tatu ni mimi. Kitabu kilizunguka kwa zamu, kisha Alhamisi mchana tukakutana barazani kwa Mwalimu kukijadili.

Majina ya riwaya sitayataja. Humu mjadala wa majina huishia kwenye kutambiana nani kasoma zaidi.

Ya kwanza ilikuwa ya Ulaya. Fundi saa karudi kutoka vitani, anaalikwa kila nyumba, haingii hata moja. Ya pili ni ya kwetu Afrika. Mchimba visima kutoka ng'ambo ya mto anachimbia kijiji kizima, na kila kisima kikitoa maji, yeye hunywa wa mwisho.

Mwalimu akauliza: kati ya hawa wawili, mgeni zaidi ni nani?

Nikajibu kuwa wako sawa. "Fundi saa kakataa kuingia, na mchimba visima kanyamaza. Miaka yote ile hakuomba kunywa mapema. Kosa ni lake."

Damiani akacheka. "Mtendaji, ulitaka aandike barua?"

"Angeomba."

"Kwa nani? Kwa hao hao wanaokunywa?"

"Damiani, mwache," Mwalimu akasema. "Huyu hata Biblia anaisoma na kalamu nyekundu mkononi."

Tukacheka wote. Swali likabaki pale pale.

Hapa sina budi kueleza utaratibu wetu wa maziko, maana bila huo hamtanielewa. Daftari lilikuwa na sehemu mbili: mbele wenyeji, nyuma wageni. Siku ya maziko katibu husoma majina. Neno la marafiki kaburini husemwa na mtu wa mbele. Wa nyuma hupewa majembe. Hakuna kikao kilichopitisha jambo hilo. Nilikuta watu wanafanya hivyo, nikaliandika. Daftari likichakaa nilinakili jipya, kila jina mahali pake. Nimenakili mara tatu bila kukosea hata jina moja, na nilijivunia.

Damiani alikuwa nyuma. Wanawe pia walikuwa nyuma, na wajukuu waliofikia umri wa kujiunga.

Mwalimu akaugua. Tulipokwenda kumwona, alimwambia mbele yangu na mbele ya mkewe: "Damiani, neno langu utasema wewe. Mtendaji, umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Hakupona. Siku ya maziko yake, padre alipomaliza, nikafungua daftari. Damiani alikuwa ukingoni mwa kaburi. Alikuwa amechimba tangu asubuhi, lakini juu ya suruali yenye udongo alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Wakuu, mtu havai koti ili afukie kaburi. Nilielewa vizuri alilivaa kwa ajili gani.

Nikatazama ukurasa wa mbele, nikamwita jirani ambaye hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja pamoja na Mwalimu. Akasema marehemu alikuwa mtu wa watu, akarudi kukaa.

Damiani akavua koti, akalikunja, akashika koleo.

Mtaniuliza niliogopa nini. Niliogopa mtu asije akauliza, "Kwa utaratibu gani?" Swali hilo, miaka yote, mwulizaji nilikuwa mimi.

Alhamisi iliyofuata akaja kwangu. Sikumtarajia.

"Hodi, Mtendaji. Daftari lako liko karibu?"

Nikalileta. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye jina la kwanza. Lilikuwa langu.

"Wewe ulizaliwa wapi?"

"Biharamulo."

"Na mimi?"

Jibu nililijua. Alizaliwa hapa hapa Nyakisasa, nyumba ya pili kutoka kanisani.

"Ulipofika na sanduku lako la bati, nani alikuonyesha nyumba ya kupanga?"

"Wewe."

"Haya. Nilitaka kumbukumbu zikae sawa tu." Akaomba maji, akanywa, tukazungumzia mvua.

Nimeandika daftari jipya. Lina orodha moja, kwa kufuata nani alianza kuishi hapa kabla ya nani. Damiani ni wa nne. Mimi niko ukurasa wa tatu, karibu na chini. Kikaoni wazee wawili walipinga, mmoja akanambia, "Katibu, unatuvuruga." Nikamjibu kuwa nasahihisha kosa la katibu. Lilipita kwa shingo upande, na mmoja wao mpaka leo hanisalimu.

Siku ya arobaini ya Mwalimu nikasoma jina la Damiani. Akasimama na koti lake.

"Mwalimu, uliniuliza swali nikacheka, sikukujibu. Mgeni zaidi ni fundi saa. Mchimba visima, kijiji kizima kinakunywa maji yake. Ndilo jibu langu."

Akaketi.

Nililojifunza ni hili. Nililinganisha wageni wa vitabuni mwaka mzima, na sikuwahi kuuliza ni nani aliyepanga foleni pale kisimani. Na neno lile lilipaswa kusemwa kaburini. Hilo siwezi kulinakili upya.

Wanaosema mhusika mpweke kajitenga mwenyewe, karibuni tujadili. Ila kwanza mnieleze majina yenu yako ukurasa gani, na aliyeyaandika pale ni nani.