Nilikula ukoko asubuhi ya Komunyo ya Kwanza, katekista akaninusa mdomo

Wakuu, vijana shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjazitoa.

Ninachoandika ni kweli tupu na waliokuwepo nawataja kwa majina. Wengi wameshakufa, hawawezi kunibishia.

Mimi ni wa milimani, juu ya Bigwa. Nilikuwa na miaka tisa, siku ya Komunyo ya Kwanza kigangoni kwetu.

Enzi zile ukitaka kupokea huli kitu tangu usiku. Hata maji unayatazama tu. Ukikutwa umekula, unarudi mafundisho mwaka mzima. Na mama yangu, Paulina, alishaniazimia gauni jeupe la watu kutoka Ngerengere.

Sasa nyuma ya kanisa akina mama wanapika wali wa nazi. Kwetu wali ni wa sikukuu, siku nyingine magimbi na ndizi mpaka unasahau una meno.

Utaratibu ulikuwa mmoja: aliyechota maji ndiye mwenye ukoko. Mimi na mwenzangu Felista tulipandisha ndoo kutoka mtoni mara tatu alfajiri ile.

Shida, sufuria la kwanza lilipakuliwa kabla ya misa, kwa wanakwaya waliotoka mbali. Hao hawapokei, walikuwa na mambo yao.

Mpishi mkuu, shangazi yangu Skola, akaniita.

"We Vero, ukoko wako huu. Ukisubiri misa iishe, hawa waimba besi wataumaliza."

Nikala. Wakuu, ulikuwa wa kahawia, mgumu pembeni, laini katikati, mafuta ya nazi mpaka kwenye vidole. Felista akakataa, anaogopa moto wa milele. Nikala na wake.

Kengele ikalia. Katekista Gaspari akatupanga mstari, akaanza kutunusa midomo mmoja mmoja. Kwangu akasimama.

"Huyu ananuka nazi."

Nikaona gauni linarudi Ngerengere bila kufanya kazi.

Shangazi Skola akatokea na mwiko mkononi. "Katekista, mtoto yuko jikoni tangu alfajiri, asinuke nazi anuke nini? Na hizo sharubu zako zina mchuzi wa nani?"

Gaspari akajipangusa. "Haya, songeni mbele."

Nikapokea, punje ya ukoko iko kwenye jino mpaka baraka ya mwisho.

Jumamosi moyo ukanishinda, nikaenda kuungama kwa Padre Anselmi, mzungu aliyekuwa anakula magimbi kutushinda sisi. Akauliza:

"Sufuria la kwanza au la pili?"

"La kwanza, Padre."

Akashusha pumzi. "Mimi waliniletea la pili. Liliungua."

Kitubio, Salamu Maria tatu.

Nilichojifunza: Mungu simwogopi sana, nawaogopa wanaomlindia mlango.

Haya, semeni mlikula nini kanisani mkiwa wadogo. Wa msikitini pia karibuni, ubwabwa wa maulidi nimeula sana na huo sijawahi kuuungamia.