Kiingereza cha Bibi Agata

Sisi tuliosoma milimani Uluguru miaka ya hamsini tulifundishwa Kiingereza kwa sinema mchana kweupe, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mashine ilipandishwa na wapagazi kutoka Matombo, maana barabara ile hata punda aliilaani. Picha yenyewe ilikuwa moja tu: Wazungu wanakaribisha mgeni chai. Tuliitazama kila Ijumaa hadi tukawa tunayasema maneno kabla yao. Mtoni, wakati wa kuteka maji, nilimnyooshea mwenzangu kata: “Wudi yu laiki samu tii?” Naye akibana pua: “Yesi, plizi!”

Bibi yangu, Agata, alikuwa akileta ndizi mbivu shuleni Ijumaa hizohizo. Akishatua kikapu, huyo, benchi la nyuma! Nilikuwa nikiona haya.

“Bibi, humu watu wanasoma.”

“Kwani mimi nimewazuia?”

Siku moja akaja mkaguzi Mwingereza kutoka Morogoro. Alikuwa ameambiwa kwamba tunacheza tu, akaapa kuiondoa mashine ikiwa hatuwezi kuzungumza Kiingereza. Mwalimu Felisiani alitusihi, “Wanangu, msiniangushe.” Mkaguzi akauliza swali. Akauliza tena, polepole. Watoto arobaini tukawa tunatazama vidole vya miguu. Jibu nilikuwa nalo, ila ulimi uligoma. Mkaguzi akaanza kukunja waya wa mashine, na mwalimu wetu akageukia ukutani.

Hapo ndipo Bibi alipoingia na kikapu chake. Kuona mgeni, akakitua, akachagua ndizi nzuri, akamwendea.

“Gudi afutanuni, sa. Wudi yu laiki samu banana?”

Mkaguzi akauachia waya. Mwalimu akageuka, macho yamemtoka. Katika picha ile hapakuwa na ndizi hata moja. Neno hilo Bibi alilichomeka mwenyewe!

“Yesi, plizi,” mkaguzi akasema, akaipokea. Kisha akauliza mama huyu kasoma wapi, mwalimu akatafsiri.

“Pale,” Bibi akaonyesha benchi la nyuma.

Darasa zima tukaangua kicheko, na woga ukatutoka. Swali lililofuata nilinyoosha mkono mimi. Mashine haikuondoka.

Jioni tukishuka nyumbani, Bibi akaniuliza, “Ulikuwa unajua, mbona ulinyamaza?”

“Niliogopa kukosea, Bibi.”

“Mimi nilikuwa na mgeni na ndizi. Ningenyamazaje?”

Leo wajukuu zangu wanatazama sinema kwenye simu, hata chooni wanaingia nazo. Kiingereza chao kinateleza kuliko changu, nakiri, na matamshi yangu huwavunja mbavu. Lakini kila mmoja ana simu yake na vidude masikioni. Mmoja akicheka, nauliza kuna nini, naambiwa, “Hutaelewa, Bibi.” Basi nakaa hapohapo kochini kati yao, nasubiri atakayenisogezea simu nami nione.