Mbwa Anayeng'ata Ndama wa Nyumbani

Jumanne nilikuwa kwenye benchi la kliniki moja huku Karagwe, nikisubiri majibu ya vipimo vyangu. Mlango wa muuguzi ulikuwa wazi, na masikio yangu hayana mlango. Ndani alikuwamo mama mfugaji kutoka Kyerwa, amemleta mke wa mwanawe, anayeumwa viungo na kutoka vipele mashavuni.

"Mwanangu, mwongezee kinga," mama alisema, akiinua chupa ya tangawizi na vitunguu saumu. "Hii anakunywa kila siku, hapati nafuu."

"Kinga anayo, mama. Ndiyo inayompiga. Ugonjwa huu wa lupus ndivyo ulivyo, kinga inamgeukia mwenyewe."

Mama akaishusha chupa taratibu. "Kama mbwa wetu. Tulimweka afukuze fisi, akaanza kung'ata ndama wetu."

"Hapo hapo!" Muuguzi akapiga meza.

"Basi mpe dawa ya kumuua huyo mbwa."

"Mkimuua, fisi ataingia. Vidonge hivi vinamfunga kamba tu. Na jua kali linamchokoza mbwa huyo, kwa hiyo mkweo ajifunike."

Nimesoma makala ndefu kuhusu ugonjwa huu, hakuna iliyoniingia hivyo. Na mimi ndiye ninayemwambia kila mgonjwa ninayemjua aongeze kinga!

Walipotoka, jua lilikuwa la utosini. Mama akafungua mwavuli, akamfunika mkwewe, yeye mwenyewe akabaki juani.

"Mama, jamani, watu watatucheka! Nipe niushike mimi."

"Wacheke," mama akajibu, mwavuli hautikisiki. "Tembea polepole, mbwa amelala."