Mstari wa Sabini na Moja

Riziki alikuwa amempakata Sagesse, kitinda mimba wake, huku macho yake yakifuata vidole vya muuguzi Patou kwenye kompyuta ya kituo cha lishe. Mtoto alikuwa ameshapimwa: urefu sentimita sabini na moja na nusu, uzito kilo sita na gramu mia sita.

"Kompyuta inakataa, mama. Kwa urefu wake tunapokea kwa matibabu aliye chini ya kilo sita na nusu. Huyu amepita. Rudi naye nyumbani, umupe uji wa soya."

Sagesse hakuwa amelia tangu juzi. Riziki aliwajua watoto wasiolia.

Wakati wa vita, treni zilipokatika na mji wa Kindu ukazingirwa, alisaidia kwenye kituo kama hiki, ingawa shule aliiachia darasa la tano. Muuguzi Édouard alimkabidhi orodha ya vipimo iliyobandikwa kwenye katoni, urefu umepangwa kutoka mdogo hadi mkubwa, kila mmoja na kikomo chake cha uzito. "Teremusha kidole pole pole," alimfundisha. "Ukikuta namba inapita ya mutoto, simama, rudi mustari moja. Pale njo mustari wake."

Siku moja, foleni ikiwa imefika barabarani, kidole chake kilirudi mistari miwili. Mtoto wa jirani yake Misenga akarudishwa nyumbani. Juma lililofuata, Misenga alikuja kuteka maji bila mtoto mgongoni. Tangu hapo Riziki hasomi namba bila kuigusa.

"Docta, nionyeshe mustari wake."

"Mama, kompyuta haina haraka kama watu."

"Nionyeshe tu."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akacheka. "Leo tuko na docta mupya! Sindano pia utatupiga, Mama Sagesse?"

Patou akashusha pumzi, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Kidole gumba cha Riziki kikateremka: sitini na saba, sitini na nane, sitini na tisa, sabini na tatu. Kikasimama.

"Sabini iko wapi?"

"Iko. Nilisahau sabini, sabini na moja na sabini na mbili. Nikaziongeza chini kabisa."

"Basi kompyuta inafika sabini na tatu, inaona imepita, inarudi sitini na tisa. Kule chini haifiki."

Patou akajigeuzia kioo. Aliikata mistari ile mitatu, akaipandisha mahali pake, akabonyeza. Safari hii kompyuta ilishika mstari wa sabini na moja: chini ya kilo sita na gramu mia nane.

"Anabaki," alisema kwa sauti ndogo, akaanza kujaza kadi ya mtoto.

Riziki hakuinuka.

"Uliziongeza lini?"

"Jumatatu."

"Na wale ulirudisha tangu Jumatatu?"

Mwanamke wa nyuma alikuwa ameweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe. Patou akavuta daftari la waliorudishwa. Riziki alimhamishia Sagesse bega la kushoto, akaweka kidole kwenye jina la kwanza.

"Soma urefu, docta. Pole pole."