Binti Yangu, Fundi Pampu

Kitindamimba wangu hutengeneza pampu za maji. Huitegea mashine sikio kama mkunga anayesikiliza tumbo, akainuka na kukwambia imemeza mchanga tangu lini, na mchanga wenyewe wa mto gani.

Baba yake ana pumu tangu ujana. Kifua kikianza kupiga filimbi, wageni hudhani tumenunua kinanda.

Mwaka jana filimbi ilizidi. Dawa ya kuvuta, iliyokuwa ikimtuliza mara moja, sasa aliivuta mara nne na wapi. Akilala chali pumzi inakata, ikabidi alale ameketi, mito mitatu mgongoni, kama sultani aliyepinduliwa.

"Pumu nayo inazeeka," akasema. "Niacheni."

Nikamwacha, lakini nikifua mashati yake nilikuwa najiuliza nitamvalisha nani.

Binti akaja na ovaroli yake, grisi hadi viwiko. Akamwekea baba yake sikio mgongoni.

"Vuta pumzi, baba. Tena."

"Mimi si mashine yako, mama."

"Mashine hazina ubishi hivi." Akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Pakabaki shimo, kama kwenye donge la unga. Akanigeukia. "Mama, hii si pumu. Ni pampu."

Nikacheka, nikidhani ulimi umemteleza.

"Pampu ikichoka, maji hayasukumwi yakaenda. Yanarudi, yanajaa pasipotakiwa. Miguuni huku, na kwenye mapafu. Ndiyo maana kifua kinachemka. Vaa viatu, baba."

Viatu havikuingia. Akaenda na kandambili.

Daktari alishaanza kuandika pumu, maana faili zima lilisema pumu. Binti akamweleza habari ya miguu na mito. Daktari akaweka kalamu chini, akapima moyo. Kweli ulikuwa umechoka. Pumu ipo, akasema, ila moyo ulijificha nyuma yake, na filimbi zao zinafanana. Akaandika dawa za kutoa maji na za kuusaidia moyo.

"Umesomea wapi, dada?"

"Kisimani," akajibu binti yangu.

Mzee alikojoa siku tatu, nusura tuhamie juu ya paa. Wiki ya tano akapanda ngazi hadi karakana ya bintiye, akasimama mlangoni, akawaambia wateja, "Huyu ndiye fundi wangu."

Nikisimulia, ngazi zile huwa mia mbili. Ukweli ni kumi na nne, na hakupumzika hata kwenye moja.